Ushauri wa rangi za ukuta Dodoma: tathmini kwa mwenye nyumba ya mninga na vigae vyekundu

Nyumba nyingi zinazojengwa Dodoma zina vitu ambavyo mwenye nyumba havibadilishi kirahisi hata akivichoka: milango na fremu za mninga, vigae vya sakafuni vya rangi ya udongo wa kuchoma, madirisha ya alminiamu ya kahawia, na mara nyingine ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma ulioachwa bila lipu. Vyote hivyo ni vya ukoo mmoja wa rangi, ule unaoelekea kwenye wekundu, chungwa na dhahabu, na ndivyo vinavyoamua kuta zilizobaki zipakwe nini. Kwa nyumba ya namna hiyo iliyopo mtaa wa Ilazo nilitumia huduma ya ushauri inayotolewa na duka moja la rangi mjini hapa, na kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kulisifu, jina la duka naliacha.

Utaratibu wao ni mwepesi. Mteja hulipa ada kidogo, mshauri huja nyumbani, na ada hiyo hukatwa katika bei ya rangi endapo mteja atanunua kwao. Jambo lililonivutia ni kwamba mshauri hakuja na kitabu cha rangi peke yake, bali alibeba vibao vikubwa vilivyopakwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, za rangi halisi, akaviegemeza kimoja kimoja kwenye fremu ya mlango, kisha sakafuni, kisha kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, na akaviacha palepale hadi kesho yake ili tuvitazame asubuhi, jioni na usiku taa zikiwaka. Mtu anayechagua rangi kwa kutazama kipande cha karatasi chenye ukubwa wa kidole gumba, chini ya taa nyeupe za dukani, huwa anachagua kitu ambacho hatakiona tena nyumbani kwake.

Faida ya vibao ilijitokeza mara moja kwenye kijivu. Kijivu ndicho kinachotamba sasa katika nyumba mpya kuanzia mtaa wa Kisasa hadi Iyumbu, na mahali penye vigae vyeupe na alminiamu nyeupe kinakaa vizuri sana. Kikiwekwa kando ya mninga, hata hivyo, hugeuka na kuonekana cha samawati, kwa sababu jicho likishaona rangi ya chungwa ya mbao huisogeza rangi ya jirani kuelekea upande ulio kinyume chake. Kibao kilekile kilichokuwa kijivu safi mikononi mwa mshauri kilipoegemezwa mlangoni kilifanana na lipu ambayo haijakauka. Baada ya hapo hapakuwa na ubishi tena, ingawa kijana mmoja wa nyumbani alikuwa amekwisha kuchagua kijivu kutoka kwenye picha za simu.

Mshauri aliikataa pia njano, na hapa nakubaliana naye kabisa. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa mbao na sakafu zina rangi ya joto, basi ukuta nao uongezewe joto hilohilo. Matokeo yake ni sebule inayochosha macho saa nane mchana, wakati jua la Dodoma halina mzaha. Pendekezo lake kwa sebule lilikuwa krimu iliyopauka yenye chembe ya rangi ya mchanga, inayotosha kuungana na mninga bila kushindana nao. Aligeuza kadi na kutuonyesha tarakimu iliyo nyuma, ile inayopima kiasi cha mwanga unaorudishwa na rangi, kuanzia 0 kwa nyeusi hadi 100 kwa nyeupe kamili, akasema kwa chumba chenye sakafu ya rangi iliyokoza kama ile asingeshuka chini ya 65. Kwa chumba cha kulala alichagua kijani hafifu chenye kijivu ndani yake, na hicho ndicho kilichopendeza kuliko vyote. Kijani hutuliza wekundu wa mbao bila kuuchochea kama ifanyavyo bluu, ambayo ikitumika eneo kubwa huufanya mninga uonekane wa chungwa zaidi ya ulivyo.

Kuhusu mwelekeo wa jua alikuwa makini kuliko nilivyotarajia. Dodoma ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la katikati ya mwaka hupita upande wa kaskazini wa nyumba na lile la Desemba hupita kusini, lakini dirisha linaloumiza ni la magharibi, ambalo kila jioni hupokea mwanga mwekundu wa jua lililoinama. Krimu ileile iliyokuwa tulivu sebuleni iligeuka karibu chungwa katika chumba cha magharibi, na ndiyo maana kijani kilipelekwa huko. Vilevile aliuliza habari za balbu kabla ya kuzungumzia rangi yoyote. Balbu nyingi zinazouzwa madukani zimeandikwa 6500K (K ni kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikiwa ndogo mwanga huwa wa njano zaidi), nazo hutoa mwanga mweupe wenye ubaridi unaoifanya krimu ionekane chafu. Tulipoweka za 3000K, ukuta na mbao vikapatana. Badiliko hilo lina gharama ndogo kuliko ndoo ya rangi, na nashangaa kwa nini mafundi wengi hawalitaji.

Vumbi nalo lilipewa nafasi yake. Kiangazi, hasa kuanzia Juni, upepo wa huku hubeba udongo mwekundu hadi ndani, na ukuta mweupe pe huanza kuonyesha mstari wa kahawia juu kidogo ya sakafu. Kwa nje alishauri msingi upakwe rangi ya damu ya mzee, kama wafanyavyo wenye nyumba wengi wazoefu, na kwa ndani, kwenye korido, rangi inayokubali kufutwa uchafu, yenye mng'ao kidogo. Hapo nina shaka naye. Mng'ao hufichua kila kasoro ya skimu, ile lipu laini ya mwisho, pale mwanga unapoingia kwa ubavu, hivyo ushauri huo unafaa tu kama fundi aliyepiga skimu na msasa alikuwa mtu wa kazi.

Lawama yangu kubwa ni juu ya mashine yao ya kuchanganya rangi, au tuseme juu ya wanaoitumia. Ndoo ya pili ya kijani ilitoka imezidi ya kwanza kwa njano, na tofauti ilionekana wazi katikati ya ukuta uliokwisha kuanza kupakwa. Walipoulizwa vipimo vya mchanganyo wa kwanza, hawakuwa wameviandika popote, wala kwenye mfuniko wala kwenye risiti. Walikubali kuichanganya upya, lakini baada ya mabishano yasiyokuwa na sababu. Mteja adai kibandiko cha vipimo kwenye kila ndoo, na anunue rangi yote ya chumba kwa mkupuo mmoja: lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, na ukuta huhitaji mikono miwili, kwa hiyo hesabu haina ugumu. Fundi naye azimimine ndoo zote katika pipa moja na kuzikoroga pamoja kabla ya kuanza.

Upande wa mapambo huduma hii imelegea. Mshauri yuleyule aliyekuwa makini kwenye rangi aligeuka muuzaji, akawa anasukuma karatasi za ukutani za kijivu na vibandiko vya plastiki vya kuiga mawe, bidhaa ambazo ni dhahiri zimejaa ghalani mwao. Ukuta wa matofali halisi ya kuchoma ukiwa upande huu, kuweka mawe ya plastiki upande wa pili ni kujidharau. Tulichukua mapazia ya rangi ya katani, vikapu vya milulu kutoka Iringa, vibuyu na vyungu vya Kigogo, na vitasa vya rangi ya dhahabu iliyofifia badala ya vile vya fedha. Aliyewahi kupanda kwenye miamba yenye michoro ya kale ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ameona jinsi wekundu wa udongo unavyokaa juu ya jiwe lililopauka bila kuhitaji kusaidiwa na rangi nyingine nyingi.

Kwa mwenye mninga na vigae vyekundu ada ya ushauri inalipa, kwa sharti kwamba mazungumzo yaishie kwenye rangi na balbu. Mwenye vigae vyeupe na milango ya kupakwa anaweza kuazima kitabu cha rangi, akanunua kopo dogo la majaribio na kulipaka kwenye kipande cha plaiwudi.