Uzoefu Wangu na Ilford Pan F Plus: Chembe Laini Chini ya Jua la Unguja

Filamu ninayoitumia kupigia picha milango ya nakshi ya Mji Mkongwe ni Ilford Pan F Plus ya milimita 35, yenye kasi ya ISO 50 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga; namba ndogo hudai mwanga mwingi), na ninaisafisha mwenyewe nyumbani, yaani naitia dawa hadi picha ijitokeze. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa mwambao wanaopiga picha za filamu nyeusi na nyeupe, kwa sababu maelekezo mengi ya filamu hii yanamchukulia msomaji kuwa maji ya bomba lake ni baridi, na yetu si baridi hata kidogo. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa kitu kisichosogea sijapata filamu inayotoa chembe (vile vidoa vidogo vinavyoijenga picha) laini kuliko hii na bado ikasafishika kwa dawa za kawaida, mradi uipe mwanga wa ISO 25 badala ya 50 na uidhibiti dawa isipande joto ikiwa ndani ya tangi, chombo kisichopitisha mwanga ambamo filamu husafishiwa. Asiyekuwa tayari kwa masharti hayo mawili atafaidika zaidi na filamu ya Ilford Delta 100.

Utando wa filamu umebeba fuwele ndogo sana za chumvi za fedha zilizotawanywa ndani ya jelatini. Fuwele kubwa hunasa mwanga kwa wepesi zaidi, na ndiyo maana filamu za ISO 400 huonyesha chembe wazi picha inapokuzwa. Pan F Plus imetengenezwa kwa fuwele ndogo, hivyo inadai mwanga mwingi, lakini negativu yake (picha ya filamu iliyogeuzwa, weusi kwa weupe) ya milimita 24 kwa 36 naikuza hadi karatasi ya sentimita 30 kwa 40, yaani zaidi ya mara kumi kila upande, na mbao bado zinaonekana kuwa mbao. Katika mlango mmoja ninaoupenda sana, mnyororo uliochongwa kwenye fremu unaonyesha alama za patasi ndani ya kila pete, na mng'ao juu ya misumari ya shaba una kingo safi zisizomomonyoka. Nikipiga mlango huohuo kwa filamu ya ISO 400, alama hizo za patasi huchanganyika na chembe hadi usijue kipi ni kipi.

Jua letu linaipendelea filamu hii kwa namna moja na kuitesa kwa namna nyingine. Linaipendelea kwa kuwa mchana wa jua kali, hata kwa ISO 25, unaweza kupiga f/8 (namba ya f hupima tundu la lenzi; ikiwa kubwa, tundu ni dogo) kwa kasi ya 1/100 ya sekunde, ambapo mwenye filamu ya ISO 400 na kamera ya zamani isiyozidi 1/500 analazimika kuibana lenzi hadi karibu na f/16. Linaitesa kwa kuwa Pan F Plus ina tabia ya kutenganisha mno weusi na weupe: ukuta wa chokaa unaopigwa na jua la saa saba mchana unakuwa mzito kwenye negativu, na kivuli cha kibaraza kinabaki kitupu. Tiba yake ni kuipa mwanga mara mbili ya unaodaiwa na kasi iliyoandikwa kwenye kasha, yaani kuipiga kama ISO 25, kisha kuisafisha kwa muda mfupi zaidi. Mwanga ulioongezwa hujaza vivuli, na muda uliopunguzwa huzuia chokaa isizibe, yaani isigeuke weupe mtupu usio na undani. Mimi napiga asubuhi mapema au mlango ukiwa kivulini, na humo vichochoroni mara nyingi nafika 1/8 au 1/4 ya sekunde, kwa hiyo stendi ya miguu mitatu na waya wa kufyatulia ni vya lazima. Hadi nusu sekunde filamu hii haihitaji kuongezewa muda wa ziada.

Sababu iliyonifanya niisafishe mwenyewe ni kwamba maabara moja niliyoipelekea iliiweka katika dawa ileile na kwa muda uleule wa filamu za ISO 400, na weupe wote ukaziba. Filamu ya polepole haivumilii utaratibu wa jumla.

Dawa ndiyo yenye mjadala mrefu, na hapa joto la kwetu ndilo lililoniamulia. Kiwango cha kawaida ni nyuzi 20 za Selsiasi. Maji ya bomba hapa yanakaribia nyuzi 30 miezi ya joto, na ukishusha dawa hadi 20 kwa barafu huku chumba kikiwa na joto, kipimajoto kinaanza kupanda kabla hujafika nusu ya kazi. Nimeona ni heri kushika nyuzi 24 zisizotikisika kuliko 20 zinazopanda, nami nafanya hivyo kwa kuzamisha chupa zote na tangi katika beseni la maji, nikiongeza barafu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki kidogo kidogo. Lakini kila nyuzi inayoongezeka hupunguza muda wa kusafisha kwa karibu asilimia kumi, na muda ukishuka chini ya dakika 5 kuna hatari ya filamu kusafishika kwa mabaka. Ilford ID-11 isiyochanganywa na maji inahitaji dakika 6 na nusu kwa Pan F Plus katika nyuzi 20. Ukiipeleka nyuzi 24 unakuwa tayari chini ya dakika 5. Ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, dakika 8 na nusu za nyuzi 20 zinakuwa takriban 6, na hapo uko salama. Anayeitumia Kodak D-76 achukulie mambo kuwa yaleyale, kwa sababu kimsingi ni dawa moja yenye majina mawili.

Chaguo langu lakini ni Perceptol. Ni dawa ya unga iliyotengenezwa makusudi kwa chembe laini, na gharama yake ni kwamba inapunguza kasi ya filamu. Kwa kuwa mimi nimekwisha kuamua kupiga kwa ISO 25, gharama hiyo hainigusi. Kwa kasi hiyo muda wake ni dakika 9 katika nyuzi 20, nami kwa nyuzi 24 nakaa kwenye dakika 6 na kitu. Wapo wanaosema Perceptol hulainisha kingo, na ni kweli kwamba ID-11 iliyochanganywa na maji inatoa kingo kali kidogo, kwa kuwa salfaiti ya sodiamu, ambayo huyeyusha chembe pembeni, imepungua nguvu. Kwa mbao zilizochongwa nachagua mteremko wa kijivu wa Perceptol, yaani namna kijivu kinavyobadilika taratibu kutoka weusi hadi weupe, kwa sababu unaniachia undani wa kivuli ndani ya nakshi. Rodinal, dawa kongwe ya tangu 1891, naiheshimu kwa ukali wake, ila haifai anayetafuta chembe laini. Yenyewe huziacha chembe zionekane.

Katika tangi napindua mara nne ndani ya sekunde 10 za mwanzo, kisha mara nne mwanzoni mwa kila dakika, na kila baada ya kupindua nagonga tangi kidogo juu ya meza ili viputo vya hewa visigande juu ya filamu. Dawa ya kusimamisha usafishaji, fiksa (dawa inayoifanya picha idumu) na maji ya kuoshea vyote vinakaa katika beseni lilelile, kwa sababu kuitoa filamu kwenye joto moja na kuitia ghafla kwenye jingine kunaweza kuuharibu utando wake.

Kuosha hakuhitaji bomba linalotiririka, na kwa mitaa ambayo maji hukatika hili ni jambo kubwa. Njia ya Ilford ni kujaza tangi na kupindua mara 5, kumwaga na kujaza tena na kupindua mara 10, kisha mara 20. Maji ya Unguja hutoka katika mwamba wa matumbawe na yana chokaa, hivyo suuzo la mwisho nalifanya kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya betri za magari. Hakikisha unapewa maji, si asidi. Tone dogo la dawa ya kutelezesha maji linatosha, na filamu inaning'inia bafuni, mahali penye vumbi kidogo kuliko kwingine kote nyumbani.

Delta 100, yenye fuwele bapa za kisasa, inaikaribia Pan F Plus kwa chembe kuliko watu wanavyodhani, na inakupa kasi mara mbili bila masharti mengi. Kwa safari, kwa watoto wanaocheza Forodhani, kwa kazi yoyote ya kushika kamera mkononi, ningenunua hiyo. FP4 Plus ina chembe kubwa kidogo lakini inasamehe zaidi kwenye kupima mwanga, na mtu ninayeanza kumfundisha mimi humpa hiyo kwanza.

Onyo la mwisho linahusu uhifadhi. Picha iliyokwisha kupigwa kwenye Pan F Plus hufifia mapema kuliko kwenye filamu nyingine kabla ya kusafishwa, na watengenezaji wenyewe wanashauri isafishwe ndani ya miezi 3. Kwa joto letu mimi siivushi wiki. Ambazo hazijapigwa nazihifadhi kwenye friji zikiwa zimefungwa, na nazitoa saa kadhaa kabla ya kuzifungua ili unyevu usigande juu yake. Kwa kuwa mimi huziagiza kutoka Uingereza kupitia kwa ndugu wanaosafiri, huwaomba wazibebe mkononi na kuomba zikaguliwe kwa macho pale uwanja wa ndege unapotumia mashine mpya za CT (za kukagua mizigo kwa eksirei kali), kwani hizo zinaweza kuunguza hata filamu ya polepole kama hii.