Darubini ya 8x42 kwa kutafuta bata chotara Nakuru na Kisumu

Mtazamaji wa flamingo atafurahi na darubini yoyote. Anayetafuta bata chotara anahitaji rangi za kweli: za mdomo, za miguu, na za lile baka linalong'aa ubawani. Darubini ikipotosha rangi, itamwonyesha chotara asiyekuwepo na kumficha aliyepo. Kwa hiyo hapa 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya kipenyo cha milimita 42, inapimwa kwa rangi kwanza, ukuzaji baadaye.

Chukua bata domo-njano, Anas undulata, anayeonekana mara nyingi kwenye mabwawa ya maji baridi. Mdomo wake ni manjano ya limau wenye mstari mweusi juu, miguu imekolea weusi, na baka la ubawa ni kijani lenye ukingo mweupe. Bata wa Peking na wenzake wengi wa kufugwa wametokana na Anas platyrhynchos, yule dume wa kichwa kijani, mwenye miguu ya rangi ya chungwa na baka la buluu. Wawili hao hupandana, na watoto wao hawawi tasa. Huko Afrika Kusini mchanganyiko huo unahofiwa kwa sababu damu ya domo-njano inamezwa polepole. Penye bwawa la hoteli au la mkulima lenye bata wa kufugwa, tafuta domo-njano mwenye miguu ya chungwa, mng'ao wa kijani kichwani, doa jeupe kifuani, au manyoya ya mkia yaliyojikunja juu.

Sasa vitazame vile vidarubini vya kukunja vinavyouzwa barabarani, vimeandikwa 30x60 na lenzi zao ni nyekundu kama tunda la komamanga. Wekundu huo ni mwanga mwekundu unaorudishwa nje badala ya kufika jichoni. Picha inabaki na ubaridi wa kibuluu, miguu ya chungwa inaonekana kahawia, na mdomo wa limau unapata ukijani. Hiyo 60 nayo ilipaswa kuwa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Weka rula ujionee. Kwa kazi hii, hata ukipewa bure usikibebe.

8x42 ya wastani inatoa mwanga wa kutosha: gawanya 42 kwa 8 upate mduara wa milimita 5.25 unaoingia jichoni. Ya 8x25 inatoa 3.1 tu. Tofauti hiyo utaiona saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na huo ndio wakati wa kufanya kazi, maana jua likishapanda, kingo za Ziwa Nakuru zinapandisha hewa ya joto inayofanya kila bata acheze kama yuko nyuma ya moto. Hakuna lenzi inayotibu hilo.

Wengi hukimbilia 10x42 wakidhani kubwa ni bora. Ndani ya hifadhi ya Nakuru unatazamia garini isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa kushuka, basi zima injini na ulaze darubini kwenye mfuko mdogo wa maharagwe dirishani; hapo 10 inakubalika. Kwenye mashua ya Dunga, Kisumu, 10 inatikisika hadi huoni kitu. Bana viwiko mbavuni na 8 itatulia.

Dukani, usinunue kabla ya kuijaribu nje. Inyooshe mbele yako kuelekea anga na utazame miduara ya mwanga kwenye lenzi za macho: ikiwa imekatwa pembeni kama mraba, prizimu, yaani vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, yaelekea ni za kioo cha BK7; ikiwa ya mviringo kamili, yaelekea ni kioo bora cha BAK4, chukua hiyo. Kisha tazama nguzo ya umeme. Ukiona mbili, au paji la uso likianza kuuma, prizimu zimepinda, na hilo si la kutengenezea nyumbani. Mwisho, tazama ukingo wa paa dhidi ya anga jeupe. Ukingo huo ukiwa na uzi mnene wa zambarau, uzi huo huo utalipaka baka la kijani rangi ya buluu, nawe utarudi nyumbani na chotara wa kioo.

Kuirekebisha: ziba lenzi ya mbele ya kulia, tafuta maandishi ya mbali kwa jicho la kushoto ukizungusha gurudumu la kati. Ziba ya kushoto, kisha zungusha pete ya jicho la kulia pekee. Kumbuka alama ya pete hiyo, watoto wataigeuza.

Udhaifu wake ni umbali. Kupita kama mita mia moja, rangi ya baka haisomeki vizuri, na hapo inayohitajika ni darubini ya jicho moja juu ya miguu mitatu. Vumbi la magadi usilifute likiwa kavu: lipulize kwanza, chembe zake hukwaruza. Kisumu unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi, kwa hiyo ihifadhi kwenye kopo linalofungika pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu.

Darubini nzuri pia haizuii makosa ya mtazamaji. Bata bukini wa Misri mchanga hana doa la kahawia jichoni wala kifuani, naye huandikwa chotara kila mara. Madume ya bata wahamiaji, hasa Spatula querquedula, bata mdogo atokaye Ulaya na Asia, hufika Oktoba wakiwa bado wamevaa manyoya ya kijike na kuonekana nusu nusu. Bata wa Muscovy aliyechanganywa na Peking ni chotara kweli, lakini ni tasa: mwili mkubwa, vipele vyekundu vichache tu usoni. Usiandike jina kabla hajanyoosha mabawa. Bata akimaliza kuoga hujipigapiga juu ya maji mara moja au mbili, na baka lote hufunguka kwa sekunde moja.