TAHADHARI: Feni ya rejeta haizimi, nikauziwa betri na oltaneta

Jamani watu wa Arusha, nimekaa na hili tangu Jumapili nikiona aibu kulisema. Lakini jana nimesikia dada mwingine wa Kijenge kapelekwa kwa mtu yuleyule, nikaona nikinyamaza nitakuwa namsaidia. Yule fundi umeme wa upande wa Unga Limited ni mwizi. Nasema mwizi na sirudi nyuma.

Wanaonijua wanajua gari langu lile, Toyota IST, ndilo linalotulisha. Nilikuwa nazima gari nyumbani, natoa ufunguo, feni ya rejeta inaendelea kuvuma. Naingia zangu ndani. Asubuhi nikipiga stata, taa za dashibodi zinafifia, inalia tik tik tik, basi. Jirani akanibusti kwa waya siku ya kwanza, siku ya pili tena. Siku ya tatu niliona haya hata kumgongea.

Binamu yangu akanipeleka kwa huyo bwana. Na mimi si mtu wa kuamini ovyo. Nilikuta Noah mbili na Hiace moja zinasubiri, vijana wanafanya kazi, yeye mwenyewe kavaa ovaroli safi. Kusikia jina la ukoo wangu akanisalimia "shimboni", akauliza natoka Machame ipi, akamtaja na mzee mmoja wa kule ninayemfahamu kweli. Mtu wa kwetu! Ungefanyaje?

Nilimwambia kwa mdomo wangu: fundi, feni haizimi. Akasema, "Dada'angu, gari za Kijapani ziko hivyo, injini inajipooza. Wewe shida yako ni betri." Akachukua mita, ile ya njano, akagusisha waya mwekundu na mweusi kwenye betri, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: volti 11.3. "Betri nzima inasoma 12 na nusu na ushee. Hii imekufa, baridi hii ya Julai inaziua." Na muda wote huo feni inavuma pale pale mbele yetu, inakula betri anayoipima! Nikasoma namba, nikatoa 170,000. Betri yangu akaiweka pembeni, akasema ya chuma chakavu, akanipunguzia elfu kumi kwenye ufundi. Betri ya miezi minane. Ilikuwa bado na waranti, karatasi iko kwenye droo ya kabati langu.

Siku mbili baadaye gari haliwaki. Nikarudi kwake, tena kwa upole, nadhani nimekosea mimi. Akaweka mita tena, ikasoma 12.1. Akatikisa kichwa kama daktari anayeleta habari mbaya. "Oltaneta nzima inatakiwa isome 14. Yako haichaji, ndiyo imekuulia betri mpya." Injini ilikuwa imezimwa. Imezimwa kabisa! Oltaneta, ile inayochaji betri, inazungushwa na injini. Gari lisipowaka hiyo 14 itatoka wapi? Sasa hivi najua. Siku ile sikujua, na yeye alijua kwamba sijui. Nikalipa 190,000 ya oltaneta yuzdi, na 40,000 ya ufundi. Laki nne kwa wiki moja, na ada ya mtoto hapo ndani.

Jumamosi, siku ya soko, gari likanifia Tengeru na parachichi za watu zimejaa hadi kiti cha mbele. Nililia, sifichi. Akaja kijana mmoja fundi wa pale, hana hata kibanda. Hakugusa betri. Alisimama tu anasikiliza, feni inazunguka kwa kujivuta kama inakata roho. Akafungua boksi la fyuzi, akachukua mpini wa bisibisi, akagonga kidude kimoja cheusi, cha mraba, hakizidi kiberiti. Tak. Feni ikanyamaza.

Ni rilei, swichi ndogo ya umeme inayowasha na kuzima feni. Aliichomoa, akaibandua kifuniko, akanionyesha: vile vibati viwili vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme vimeungua vyeusi, vilikuwa vimeshikana. Kwa hiyo hata ukitoa ufunguo, umeme unaendelea kwenda kwenye feni moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka betri iishe. Rilei mpya elfu kumi na tano. Elfu kumi na tano! Akanibusti, injini ikiwa inawaka akapima: 14.1. Kisha akakwaruza stika ya betri niliyouziwa "mpya" kwa ukucha, chini yake kuna stika nyingine imefubaa, na vichwa vya betri vimepigwa msasa.

Huyu mtu hakukosea. Fundi wa miaka ile yote hawezi kusikia feni inavuma gari limezimwa asijue. Akamatwe, kibanda kifungwe, arudishe hela za kila mama aliyemfanyia hivi. Kumwacha mtaani ni kumruhusu.

Mnaoniuliza mtamjuaje: risiti aliniandikia kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, ya mashine hana. Hela unatuma kwa simu, jina linalotokea ni la mwanamke. Spea kuukuu hataki uondoke nazo. Na taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka kwangu hata siku moja nikiendesha, hilo nalo lingenipa dokezo kwamba huenda oltaneta ni nzima, ingawa peke yake si uthibitisho. Ni kweli yako magari ambayo feni inazunguka dakika chache baada ya kuzima, lakini ikipitiliza mwambie fundi aanze na rilei na sensa ya joto, mita usomewe injini ikiwaka na ikiwa imezimwa.

RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nimechukua jana. Kesho saa tatu asubuhi naenda kibandani kwake na askari, na karatasi ya waranti ninayo mkononi. Ina namba ya betri yangu. Aliyefanyiwa kama mimi aje na risiti yake ya daftari, tuingie wote.