Ndege ya rimoti ya kutua majini: kwa maji ya Amu ununue gani

Kama uko Amu, yaani Lamu, na unatafuta ndege ya rimoti ya kuruka na kutua majini, usianze na urembo wala spidi, anza na chumvi. Zile video nyingi tunazoangalia ni watu wa Marekani na Uingereza wanarusha kwenye maziwa ya maji matamu, ikilowa wanaianika wanaendelea, lakini sisi maji yetu ni ya bahari, yakishaingia kwenye mota ama servo (vile vimota vidogo vya kugeuza usukani) na usipoosha siku hiyo hiyo kutu ishapata nyumba. Kwa hivo nazipanga kwa mambo mawili tu: vitu vya umeme vimekaa juu ya maji kiasi gani, na ikivunjika unaweza kuitengeneza hapa hapa bila kungoja parseli.

Namba moja kwa anayeanza ni FMS Kingfisher. Bawa lake ni mita 1.4, limekaa juu ya mwili, na kwenye boksi unapata maboya na pia tairi, yaani maji ya bamvua yakitoka ukapata mchanga mgumu unafunga tairi unarusha nchi kavu mpaka mkono uzoee, ndio uende majini. Maboya yanaiinua, kwa hivo betri na ESC, kile kifaa cha kudhibiti spidi ya mota, viko mbali na maji hata ikitua vibaya kidogo. Ndugu yake mdogo ni Super EZ ya mita 1.22, nayo inauzwa na maboya na ni nafuu zaidi, ila ni nyepesi na kusi ya mwezi wa sita mpaka wa nane itaitupatupa, basi ukiichukua rusha asubuhi mapema kabla upepo haujaamka.

Namba mbili ni Polaris, na hii hununui, unaunda mwenyewe. Ilichorwa na Steve Shumate, ramani yake inapatikana kwa intaneti, inakatwa kwa depron, yaani shiti za povu jepesi, ya milimita 6 na mota yake imekaa juu mgongoni, mbali kabisa na maji. Mimi naipenda sana hii manake Amu watu wana mikono, mtu anayejua kuchonga jahazi hashindwi na kukata povu. Ukikosa depron ukatumia ile foam board ya duka la vitabu, bandua karatasi ama ipake vanishi vizuri kwanza, ikinywa maji inavimba na ndege inakuwa nzito haiinuki.

Namba tatu ni E-flite Icon A5, mita 1.3. Ni nzuri, ile ya BNF, inayokuja na risiva ya Spektrum ndani, ina mfumo wa SAFE unaoisawazisha yenyewe ukichanganyikiwa, lakini inakaa majini kwa tumbo na betri iko humo humo ndani, kwa hivo mfuniko lazima uuzibe kwa tepu kila unaporusha. Usinunue hii ikiwa wewe si mtu wa kukagua.

Ya mwisho ni Catalina ya Dynam, mita 1.47, na najua itawauma wengi kwa sababu ndio tamu kuliko zote, na Catalina za kweli, ndege za kijeshi za kutua majini, zilikuwa na kituo Kipevu pale Mombasa wakati wa vita ya pili ya dunia. Vile viboya vya chini ya mabawa vinaishika isilale ubavu kama mirengu ya ngalawa. Lakini mota mbili, ESC mbili, chumvi mara mbili. Iwe ndege yako ya pili.

Yoyote utakayochukua igeuze uangalie chini ya tumbo ama ya maboya, lazima kuwe na kidato, yaani mkato kama wa ngazi. Tumbo laini moja kwa moja maji yanaling'ang'ania, kidato ndio kinaingiza hewa ndege ikachomoka, na kitovu cha uzito wa ndege kikae mbele kidogo ya hapo.

Bei ya ndege za povu za saizi hii ni kama dola 150 hadi 300, kabla ya usafiri na ushuru, na ikiandikwa PNP jua haina rimoti, risiva wala betri. Kwa ndege za PNP, rimoti ya FlySky FS-i6 inatosha kabisa. Betri za LiPo, zile za lithiamu zinazotumika kwenye ndege hizi, uliza mapema zitakujaje, ndege za abiria na kampuni za mizigo zina masharti makali juu yake, na nyumbani usiziache zimejaa, ziweke volti 3.8 kwa kila seli.

Na kabla hujatuma pesa, ongea na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kuhusu kuingiza na kurusha, kisha polisi wa huku, manake uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya mji na Manda Bay kuna kambi ya jeshi. Mkondo wa mbele ya mji pia usahau, boti ni nyingi mno. Tafuta maji yaliyokingwa na mikoko upande wa Kipungani, siku za maji mafu ambapo mkondo hauna nguvu, na uelewane kabisa na mwenye mtumbwi awe karibu, mota ikizima katikati ndiye atakuletea. Beba na jerikeni ya maji matamu, ndege ioshwe pale pale ufuoni, ikauke, halafu mota na servo upulize WD-40 kabla ya kurudi mjini.