Tochi Ndogo ya Gesi: Inalehemu Fedha, au Inaunguza Tu?

Haya watazamaji, karibuni. Mezani leo tuna tochi ya butani ya kushika mkononi, hizi za kujazwa gesi kwa chini.

Jibu fupi: inalehemu, ila chagua kazi. Moto wake unapita nyuzi 1,000 za Selsiasi bila shida, na lehemu ngumu ya fedha (ile metali inayoyeyushwa kuunganisha kiungo) inayeyuka karibu na 750. Kwa hiyo ukali upo; kinachopungua ni wingi wa joto. Fedha husambaza joto upesi mno. Ukiiwekea bangili nene, utapuliza moto mpaka gesi iishe na kiungo hakijaiva. Pete ya waya wa milimita 2, hereni, mkufu: hapo inatosha kabisa.

Sogeeni muone. Pete hii imebanwa hadi mwanga haupenyi kwenye kiungo, maana lehemu hunyonywa na ufa mwembamba, haizibi pengo. Boraksi, ile dawa ya kusaidia lehemu itiririke, nimeshapaka, kipande cha lehemu cha milimita 1 kiko juu yake. Chini ni tofali jepesi la kuhimili moto. Bamba la chuma lingetunyang'anya joto lote.

Naanzia upande wa mbali na kiungo, nazungusha. Boraksi inatoa povu… imetulia… sasa inang'aa kama kioo. Punguzeni taa chumbani, mtaona wekundu hafifu. Ndipo nakuja kwenye kiungo, ncha ya ule moto wa ndani wa buluu ikiwa karibu kugusa. Hiyo hapo! Imetiririka. Toa moto papo hapo, kwa sababu fedha ya 925 (yenye fedha asilimia 92.5) yenyewe huanza kuyeyuka kwenye 800 tu.

Lehemu ikijiviringa kama shanga, umeichoma yenyewe badala ya pete. Ikikimbilia upande mmoja, huo ndio uliokuwa na joto zaidi. Msiilaumu tochi.

Lawama yake halali ni hii: ukiiwasha mfululizo, tangi linapoa, presha inashuka, moto unanywea. Ipumzishe. Kujaza, izime, ipoe, kisha igeuze kichwa chini.

Pete ikishapozwa majini, itie kwenye asidi ya sitiriki ya vuguvugu iondoe weusi. Itoe kwa kibano cha shaba au plastiki. Cha chuma kitaivika fedha yako rangi ya waridi, na utaanza kusugua upya.