Kujifunza pikipiki Tabora: kwa rafiki au chuoni?

Kijana wa Tabora anayetaka kuendesha pikipiki ana njia mbili: kufundishwa na jamaa wa kijiweni, au kulipa ada VETA, chuo cha ufundi stadi.

Kwa rafiki unachangia mafuta tu, na jioni moja uwanjani unashika klachi na gia. Shida ni breki. Wengi kijiweni wanakukataza ya mbele, eti itakurusha. Kumbe kwenye lami kavu ndiyo yenye nguvu zaidi, maana ukifunga breki uzito mwingi huhamia tairi la mbele. Anayekanyaga ya nyuma peke yake husimama mbali, au tairi linajifunga na pikipiki inakwenda ubavu. Kinachoangusha watu ni kuibana ya mbele ghafla, au kuibana kwenye mchanga (na mchanga hapa hatujapungukiwa).

Chuoni unafundishwa kuibana taratibu, pamoja na alama za barabarani, na unapata cheti cha kuombea leseni. Helmeti ni lazima kote kote: tafiti zilizojumuishwa mwaka 2008 zilionyesha inapunguza hatari ya kufa ajalini kwa takriban 42%.

Mimi ningelipa ada kwanza, kisha rafiki anizoeshe njia za vumbi, bila abiria.