Risasi za kujaza kwa mkono: niliyoyaona kambini Chunya

Matundu matano kutoka mita 100, na kizibo cha soda kikayafunika yote. Nilikiweka mwenyewe juu ya karatasi, nikakisogeza kidogo huku na huku, sikuona ukingo wa tundu hata moja. Nina miaka 11 katika kazi ya uwindaji bingwa na nimesimama nyuma ya wateja wengi wakipima shabaha. Bunduki ya kawaida ya kuwindia ikipiga namna ile nilikuwa sijaiona.

Risasi zilikuwa za kujaza kwa mkono. Mteja wangu, mzee mmoja kutoka Denmark, alikuja Oktoba na bunduki ya saizi ya .30-06. Kwenye sanduku lake kulikuwa na pakiti mbili za risasi za kiwandani na nyingine alizojaza mwenyewe nyumbani kwao. Zote ziliingia kwa vibali pamoja na bunduki. Nalitaja hili mapema kwa sababu najua kuna atakayesoma na kutamani kujaribu. Hapa kwetu silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Ninachoeleza ni nilichokiona zikipigwa, na nilichojifunza kwa aliyezijaza.

Tulipofika kambini tulitafuta mahali penye kichuguu kikubwa cha kuzuia risasi, tukaweka meza na mifuko miwili ya mchanga. Alianza na za kiwandani, tano. Kundi lake lilikuwa na upana wa milimita 62, kati ya tundu na tundu lililo mbali zaidi. Kwa swala pala wa mita 100 hiyo inatosha kabisa, na ningemwambia twende. Yeye akasubiri mtutu upoe, karibu dakika kumi, kisha akapiga tano za kwake: milimita 24. Akaniomba nipige na mimi, asije akawa ameizoea tu bunduki yake. Nikapata 28. Kwa hiyo haukuwa mkono wa mtu.

Siri iko wapi? Mimi nilidhani ni nguvu, kwamba amejaza baruti nyingi kuliko kiwanda. Usiku ule, karibu na moto, alinionyesha daftari lake nikaona nilikuwa nimekosea. Siri ni kufanana. Risasi ina vitu vinne tu: ganda, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti, na kichwa, kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Kiwanda kinatengeneza kwa ajili ya kila bunduki ya saizi hiyo duniani, ya zamani na mpya, kwa hiyo lazima kiache nafasi ya tofauti. Anayejaza mwenyewe anatengeneza kwa ajili ya mtutu mmoja. Yule mzee huokota maganda yaliyopigwa na bunduki hiyo hiyo, anayasafisha, anabana shingo tu ili ishike kichwa kwa nguvu ileile kila mara, na anakata yaliyorefuka mpaka yawe na urefu mmoja. Baruti anapima ganda kwa ganda, hadi sehemu ya kumi ya greni. Hiyo ni kama miligramu sita na nusu. Mizani ya mnunuzi wa dhahabu niliyewahi kukaa kwenye meza yake kule Makongolosi ilikuwa inasoma hadi 0.01 ya gramu, na watu wanagombana juu yake. Ya huyu mzee ni kali kuliko hiyo.

Kisha kuna kina cha kichwa, yaani kimeingizwa kiasi gani ndani ya ganda. Hili lilinikaa akilini kuliko yote. Kichwa kikitoka kwenye ganda kinaruka kidogo kabla ya kushika mifereji ya ndani ya mtutu, na mruko huo ukiwa mrefu au mfupi kuliko mtutu unavyopenda, matundu yanatawanyika hata kama baruti imepimwa vizuri. Daftari lilikuwa na kurasa nzima za majaribio: risasi tatu kwa kina hiki, tatu kwa kile, tofauti ikiwa chini ya nusu milimita, na pembeni amechora kila kundi kwa penseli. Ilimchukua msimu mzima wa baridi kuupata urefu ambao mtutu wake unaupenda.

Alikuwa na kipima kasi pia. Risasi zote zilikuwa za kichwa cha greni 180, na kasi ilikuwa karibu mita 820 kwa sekunde. Katika risasi kumi za kiwandani, ya haraka na ya polepole zilipishana kwa mita 27 kwa sekunde. Za kwake, mita 9. Kwa mita 100 mwanya huo huuoni. Ukifika mita 300, kupishana kwa mita 27 kunaweza kupandisha au kushusha tundu kwa sentimita nne au tano, na hapo bado hujahesabu upepo wala pumzi ya mpigaji.

Sasa upande wa pili, ambao umenifanya nipunguze alama.

Siku ya tatu tulikaa kwenye gari mchana, kwenye mbuga zile za chini ambako Oktoba jua linachoma mpaka bati la mlango haligusiki. Mzee alikuwa ameacha risasi nne juu ya dashibodi, mbele ya kioo. Jioni tukasimama kupima tena shabaha kwa sababu bunduki ilikuwa imegonga ubavu wa gari. Akapiga moja, akashika bolti, lile komeo la bunduki, kuinyanyua, haikutaka. Akaipiga kwa kiganja ndipo ikafunguka. Niliokota ganda. Fataki, ambayo kawaida kingo zake zina mviringo, ilikuwa imebapa kama imepigwa nyundo, na kwenye kitako cha ganda kulikuwa na alama ndogo inayong'aa, pale shaba ilipokandamizwa. Nikamwambia, "Mzee wangu, tuishie hapa." Aliliangalia lile ganda kwa muda, akakubali, na zile tatu zilizobaki akazifunga kwenye kitambaa.

Zile zilikuwa dalili za mgandamizo uliozidi ndani ya bunduki, na sababu ilikuwa kwenye daftari lake mwenyewe. Baruti ile aliijaribu na kuipandisha karibu na kikomo cha usalama wakati kwao kuna nyuzi 4 tu za joto. Baruti nyingi huungua haraka zaidi zikipata joto, na mgandamizo unapanda. Kilichokuwa salama kwenye baridi ya Denmark kilivuka mpaka juu ya dashibodi yetu. Na hapa kwetu hali hii ni kali kuliko watu wanavyofikiri. Unaondoka Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, alfajiri umevaa koti zito. Barabara inapanda mlima kwanza, inazidi mita 2,000, ukungu unagonga kioo. Saa chache baadaye uko chini umevua hata sweta. Risasi ileile imepita kwenye hali zote hizo kwa siku moja. Viwanda vikubwa vinaijaribu risasi kwenye joto na kwenye baridi kabla ya kuiuza. Anayejaza nyumbani asipofanya hivyo, hakuna atakayemfanyia.

Kuanzia hapo risasi zikakaa kwenye kisanduku cha kubebea maji, kikiwa kikavu, chini ya kiti, kivulini. Hatukupata tatizo tena. Siku ya sita alimpiga kongoni mita 190, risasi moja, nyuma ya bega. Mzee wetu wa kufuata nyayo, Mkimbu wa umri wa baba yangu, hakuwa na kazi ya kufanya. Mnyama alianguka ndani ya hatua 20. Nikampa shikamoo ya kumtania kwamba leo amelipwa bure. Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Afadhali nilipwe bure kuliko kufuata damu usiku." Nalichukulia neno hilo kwa uzito. Kila mtu wa kazi hii anajua usiku wa kufuata mnyama aliyejeruhiwa kwenye majani marefu, na kama kuna kitu kinachopunguza usiku wa namna hiyo, mimi nakiheshimu.

Alama yangu: kwa shabaha, tisa kwa kumi. Kwa usalama katika joto letu, tano, na ingekuwa nane kama angejaza chini kidogo ya kikomo, kwa sababu yale makundi madogo yalitoka kwenye kufanana, hayakutoka kwenye ile baruti ya ziada. Kwa muda inaochukua, kila mtu ajipimie. Mteja wangu amestaafu.

Kwangu mimi, ninayebeba bunduki kubwa zaidi, ya saizi ya .375, kwa sababu ya nyati na ninategemea risasi za kiwandani, nimebadilisha jambo moja. Zamani nilinunua pakiti yoyote iliyopo, mradi jina liwe lilelile. Sasa naangalia namba ya toleo iliyopigwa kwenye pakiti, na nachukua pakiti zote za namba moja kadiri leseni yangu inavyoruhusu, halafu naipima bunduki upya kwa namba hiyo. Msimu wa Julai niliufungua hivyo. Makundi yangu ya mita 50 yamepungua kutoka upana wa vidole vitatu hadi viwili.

Yule mzee ameniandikia kwamba anarudi. Nimemwomba ashushe baruti, ajaribu risasi zake siku ya joto kali kuliko zote atakayoipata kwao, na aniletee ukurasa wa daftari wenye nyuzi joto za siku hiyo kabla hatujapanda gari.